Myahudi Asiyeamini: Swali Lililonifuata Hadi Nyumbani



Mwezi Oktoba mwaka jana tulikuwa katika kipindi cha historia ya falsafa. Padre anayetufundisha somo hilo alikuwa amefika kwa Baruch Spinoza, mwanafalsafa aliyezaliwa Amsterdam mwaka 1632 katika familia ya Wayahudi wenye asili ya Ureno. Alitueleza kwamba tarehe 27 Julai 1656, Spinoza akiwa na umri wa miaka 23, viongozi wa jumuiya ya Kiyahudi ya mji ule walimtenga kwa maneno mazito ya laana. Hakuna Myahudi aliyeruhusiwa kukaa naye chini ya paa moja wala kusoma alichokiandika. Spinoza aliondoka, akaishi kwa kusaga lenzi, na akafariki mwaka 1677 mjini The Hague. Hakurudi kwenye sinagogi, wala hakubatizwa katika Kanisa lolote.

Padre akafunga daftari lake na kuuliza: “Je, baada ya siku ile Spinoza alikuwa bado Myahudi?”

Niliinua mkono haraka. Mimi ni mtoto wa katekista, na maswali ya namna hiyo huwa nadhani nina majibu yake tangu nyumbani. Nikasema: “Hapana, Padre. Uyahudi ni kumwamini Mungu wa Abrahamu, Isaka na Yakobo. Spinoza alisema Mungu na maumbile ni kitu kimoja. Myahudi asiyemwamini Mungu wa baba zake ni mto usio na maji.”

Mafrateri wenzangu wakacheka, na wawili watatu wakapiga meza kwa kunipongeza. Padre hakucheka. Aliniuliza: “Frateri, kwenu mto ukikauka kiangazi, watu huacha kuuita kwa jina lake?” Nikakosa la kusema. Kwetu Rombo makorongo mengi hayana maji kwa miezi mingi, na kila moja lina jina lake, na hakuna anayethubutu kujenga ndani yake. Padre akanipa kazi ya kuandika kurasa kumi juu ya swali hilo, nizikabidhi mwezi Februari. Makala hii imetoka katika kurasa zile, na katika jambo lililotokea nyumbani kabla sijazimaliza.

Nilianza na lugha, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Kiswahili chetu kinatumia umbo moja kwa Mkristo, Mwislamu, Mchaga, Mhaya na Myahudi. Kwa sikio, wote wanafanana. Lakini hakuna anayezaliwa Mkristo. Mtu hufanywa Mkristo kwa Ubatizo. Na hakuna anayebatizwa kuwa Mchaga. Mtu huzaliwa, akapewa jina la ukoo, na jina hilo hamwombi mtu imani yoyote. Myahudi anasimama wapi? Nilipochunguza niliona kwamba neno hilo linasimama pande zote mbili kwa wakati mmoja. Ni jina la watu na ni jina la dini. Mimi nilikuwa nimechagua upande mmoja na kuufanya kuwa wote.

Hata hivyo nilipata mashahidi wa upande wangu, na hawakuwa wadogo. Saadia Gaon, mwalimu mkuu wa Wayahudi wa Babeli katika karne ya 10, alifundisha kwamba taifa lake ni taifa kwa sababu ya Torati yake tu. Moses Maimonides, aliyezaliwa Córdoba na kufariki Misri mwaka 1204, aliorodhesha misingi 13 ya imani, na wa kwanza kabisa ni kwamba Mungu yupo. Kwa Maimonides, anayeikana misingi hiyo amejitoa mwenyewe katika jumuiya ya Israeli. Sisi tunaosoma falsafa tunamjua mtu huyu kwa sababu Mtakatifu Thoma wa Akwino alimsoma na kumtaja kwa heshima. Nikafurahi. Niliandika kurasa tatu kwa usiku mmoja, nikaenda likizo ya Noeli nikiwa na uhakika kwamba kazi imekwisha.

Nyumbani kwetu, kama kwa Wachaga wengi, Noeli ni wakati wa watu wote kurudi. Anayefanya kazi Dar es Salaam anarudi, wa Arusha anarudi, na hata yule ambaye hajapiga simu mwaka mzima utamwona anashuka kwenye basi na mfuko wa mchele. Kaka yangu mkubwa alirudi pia. Ni fundi wa mitambo, ana miaka 34, na ndiye aliyelipa ada yangu ya sekondari baba aliposhindwa.

Tulijua kwamba kaka alikuwa ameacha kwenda kanisani. Tulichokuwa hatujui ni kwamba halikuwa suala la uvivu. Jioni ya mkesha, baba alipowaita watu wajiandae kwa Misa ya usiku, kaka alisema kwa upole kabisa: “Baba, nendeni tu. Mimi siamini tena. Nimejaribu kwa miaka minne kukuficha na nimechoka.”

Baba ni katekista kwa miaka 31. Amewafundisha Komunyo ya kwanza nusu ya kijiji. Alisimama pale mlangoni na koti lake la Misa, akasema neno moja tu kabla ya kutoka: “Basi huyu si wa kwetu.”

Kesho yake alichinjwa mbuzi. Kwetu nyama ya siku ile haigawiwi ovyo. Kila mtu ana kipande chake kwa kadiri ya nafasi yake katika ukoo, na mzaliwa wa kwanza ana chake. Baba aligawa. Alipofika kwa kaka, akampita, akanipa mimi kipande cha mzaliwa wa kwanza. Mimi, mtoto wa nne. Watu wote waliona, na hakuna aliyesema kitu. Nilikishika kile kipande na sikuweza kukila. Baadaye nilimwona mama akikifunga kwenye jani la mgomba na kukiweka juu ya jiko.

Usiku ule nililala nikizikumbuka kurasa zangu tatu. Nilichokiandika juu ya Spinoza ndicho alichokisema baba mlangoni. Tofauti ilikuwa kwamba mimi nilikiandika juu ya mtu aliyekufa zamani katika nchi ya mbali, na nikapigiwa makofi.

Niliporudi seminarini nilianza upya. Safari hii sikutafuta mashahidi wa kuniunga mkono. Nilitaka kujua Wayahudi wenyewe wamemfanya nini ndugu yao asiyeamini.

Nilichokikuta kwanza kilikuwa katika Talmudi, na kinahusu kisa tunachokijua kutoka kitabu cha Yoshua. Akani aliiba vitu vilivyowekwa wakfu kule Yeriko, na watu wakashindwa vitani kwa ajili yake. Mungu alipomweleza Yoshua sababu, alisema kwamba Israeli ametenda dhambi. Walimu wa Talmudi walilisimamia neno hilo. Walisema kwamba hata baada ya kutenda dhambi, bado anaitwa Israeli, jina halikuondolewa. Kutoka hapo wanasheria wa Kiyahudi wa karne za baadaye wakajenga msimamo ambao umedumu: aliyezaliwa na mama Myahudi, au aliyeongoka kwa utaratibu wao, ni Myahudi, na hawezi kuacha kuwa Myahudi hata akitaka. Anaweza kuwa Myahudi mwasi, anaweza kutengwa na kunyimwa heshima nyingi. Lakini hata Spinoza aliyelaaniwa, kwa sheria hiyo, alikufa Myahudi.

Cha pili nilikikuta katika ibada yao ya nyumbani ya Pasaka. Jioni ile familia hukaa mezani na kusoma simulizi ya kutoka Misri, na katika simulizi hiyo wametajwa watoto wanne: mwenye hekima, mwovu, mnyofu, na yule asiyejua hata kuuliza. Mtoto mwovu anauliza ibada hii yote ni ya nini kwao, kana kwamba yeye hahusiki. Anajibiwa kwa ukali: anaambiwa kwamba kama angekuwapo Misri, asingekombolewa. Nilisoma nikaona baba yangu anafurahi. Kisha nikaona jambo ambalo ningelipita kama nisingekuwa nimetoka Rombo wiki mbili zilizopita. Mtoto yule mwovu yupo mezani. Anakemewa, lakini anakemewa akiwa ameketi kati ya ndugu zake, na kila mwaka simulizi inamwekea nafasi yake tena.

Na meza hiyo leo ina watoto wengi wa namna hiyo. Utafiti wa Pew Research Center wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba asilimia 27 ya Wayahudi watu wazima wa Marekani hawajihesabu kuwa watu wa dini yoyote, ila wanajihesabu kuwa Wayahudi kwa ukoo, utamaduni au malezi. Wengi wa namna hiyo huendelea kula chakula cha Pasaka na ndugu zao. Mwaka 1963 rabi Sherwin Wine alianzisha katika jimbo la Michigan jumuiya ya Kiyahudi ambayo ibada zake hazimtaji Mungu kabisa. Wayahudi wengi walimpinga, na wanapinga hadi leo. Lakini walichobishania ni kama hiyo ni dini ya Kiyahudi. Kama Wine mwenyewe ni Myahudi, hilo halikuwa swali.

Hapa nilitaka kumaliza kwa jibu jepesi: basi Uyahudi ni damu. Padre alipoipitia rasimu yangu alipiga mstari mwekundu chini ya neno hilo, akaandika pembeni: “Nenda kwa Edith Stein.”

Mafrateri wengi tunamjua kwa jina lake la kitawa, Mtakatifu Teresa Benedikta wa Msalaba. Alizaliwa Breslau tarehe 12 Oktoba 1891, na mwaka ule tarehe hiyo iliangukia Siku ya Upatanisho, siku kuu kuliko zote kwa Wayahudi. Baba yake alifariki Edith akiwa mtoto mdogo, na mama yake, mwanamke wa sala, aliendesha biashara ya mbao na kulea watoto peke yake. Akiwa msichana wa miaka kama 15, Edith aliacha kusali, na aliacha kwa kukusudia. Akawa mwanafunzi wa Edmund Husserl, akapata udaktari wa falsafa mwaka 1916. Miaka yote hiyo alikuwa Myahudi asiyeamini, na hakuna aliyemwambia mama yake kwamba binti huyu si wake tena.

Tarehe 1 Januari 1922 alibatizwa katika Kanisa Katoliki. Mama yake alilia. Lakini Edith alipokuwa nyumbani aliendelea kumsindikiza mama yake hadi sinagogi. Mwaka 1933 aliingia utawa wa Karmeli huko Köln, na mwaka huohuo alianza kuandika kitabu juu ya maisha ya familia yake ya Kiyahudi, ili Wajerumani waliokuwa wakilishwa chuki wapate kuona nyumba ya Wayahudi ilivyo kwa ndani.

Sheria za Nürnberg za mwaka 1935 hazikuuliza mtu anaamini nini. Ziliwahesabu babu na bibi. Mwenye watatu au wanne waliokuwa Wayahudi, naye ni Myahudi, awe anasali sinagogi, awe haamini kitu, awe mtawa wa Karmeli. Julai 1942 maaskofu wa Uholanzi walipinga hadharani kuhamishwa kwa Wayahudi. Wiki moja baadaye, tarehe 2 Agosti, Wakatoliki wenye asili ya Kiyahudi walikamatwa, naye Edith akiwamo, kutoka monasteri ya Echt. Aliuawa Auschwitz tarehe 9 Agosti. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu mwaka 1998.

Nikaelewa kwa nini Padre alipiga mstari. Kusema Uyahudi ni damu tu ni kutumia kipimo cha waliomuua. Nacho si kipimo cha Wayahudi wenyewe. Katika Biblia yao na yetu yumo Ruthu Mmoabu, ambaye hakuwa na tone la damu ya Israeli, naye ni bibi mkuu wa mfalme Daudi. Na tukiangalia maneno aliyomwambia mama mkwe wake Naomi, alianza kuwachukua watu wa Naomi kuwa watu wake, ndipo akamtaja Mungu wa Naomi kuwa Mungu wake. Alipokewa katika ukoo, akapata na Mungu wa ukoo.

Kama si imani peke yake, na si damu peke yake, ni nini? Jibu lililonisaidia lilitoka karibu kuliko nilivyotarajia, ng’ambo ya mpaka, kwa jirani zetu wa Uganda. Mwaka 1919, karibu na Mbale, kiongozi wa kijeshi Semei Kakungulu aliyekuwa Mprotestanti aliamua kuifuata Torati. Alijitahiri yeye na wanawe, na wafuasi wake wakaanza kushika Sabato. Ndio jumuiya ya Abayudaya. Waliendelea baada ya kifo chake, wakavumilia hata wakati wa Idi Amin walipokatazwa ibada zao. Hawa waliamini kwa miaka zaidi ya 80. Lakini mwaka 2002 marabi walifika kutoka ng’ambo, na mamia ya Abayudaya wakasimama mbele ya baraza lao na kuzama majini kwa utaratibu wa uongofu. Mmoja wao, Gershom Sizomu, alipata urabi mjini Los Angeles mwaka 2008.

Kwa nini watu wanaoamini kwa miaka 80 wahitaji kupokewa? Nikamkumbuka kila mkatekumeni ambaye baba amemfundisha. Anaamini tangu mwaka wa kwanza, anasali kuliko wengi wetu, lakini hajibatizi mwenyewe. Anangoja Kanisa limwite kwa jina na kummwagia maji. Nikaanza kuona kwamba kwa Wayahudi pia imani peke yake haimwingizi mtu, na kukosa imani peke yake hakumtoi. Kinachomfanya mtu kuwa wa Israeli ni kwamba amepokewa, kwa kuzaliwa au kwa kuongoka, katika watu ambao Mungu alifunga nao agano. Na agano lina pande mbili. Upande mmoja ukinyamaza, mwingine haujafa.

Sitaki kuficha kisa kinacholeta ugumu. Oswald Rufeisen alikuwa kijana Myahudi wa Poland. Mwaka 1942, akijificha utambulisho wake na kufanya kazi kwa polisi wa Kijerumani katika mji wa Mir, aliwaonya Wayahudi wa mji ule na mamia wakatoroka kabla ya kuuawa. Akiwa mafichoni katika nyumba ya masista alibatizwa. Baada ya vita akawa Mkarmeli, Ndugu Daniel, akapewa upadre, na mwaka 1959 akaenda Israeli. Aliomba uraia kwa Sheria ya Kurudi, inayompa kila Myahudi haki ya kurudi. Mwaka 1962 Mahakama Kuu ya Israeli ilimkatalia kwa majaji wanne dhidi ya mmoja. Walikiri kwamba kwa sheria ya marabi bado ni Myahudi. Lakini walisema kwamba sheria ya nchi inatumia neno hilo kama watu wa kawaida wanavyolielewa, na kwa watu wa kawaida Myahudi aliyekuwa Mkristo ameondoka. Mwaka 1970 Bunge likaliandika hilo katika sheria yenyewe: Myahudi ni aliyezaliwa na mama Myahudi au aliyeongoka, na ambaye si mfuasi wa dini nyingine. Ndugu Daniel alipata uraia kwa njia ya kawaida, akaishi Haifa hadi alipofariki mwaka 1998.

Niliposoma kisa hiki mara ya kwanza nilikasirika. Asiyemwamini Mungu wa Abrahamu anapita mlangoni, na padre anayemwamini kwa moyo wote, aliyehatarisha maisha yake kwa ajili ya ndugu zake, anazuiwa! Lakini nilipotulia nilikumbuka kwamba kwa karne nyingi Ubatizo uliletwa kwa Wayahudi pamoja na upanga au amri ya kufukuzwa. Mababu wa Spinoza kule Ureno walijua hilo. Kwa watu waliopitia hayo, anayekaa kimya mezani bado yupo nyumbani, na anayehamia nyumba iliyowatesa ameonekana akitoka. Mimi kama Mkatoliki siamini kwamba Ndugu Daniel alitoka. Ila si mimi ninayepaswa kuwafundisha Wayahudi mlango wao uko wapi, hasa nikikumbuka ni nani waliosimama nje ya mlango huo na mienge.

Basi nilifika wapi? Katika kurasa kumi nilizokabidhi niliandika hivi. Kuwa Myahudi hakudai kwamba mtu amwamini Mungu, kwa sababu si mtu aliyeanza jambo hilo. Abrahamu aliitwa kabla hajajua anakwenda wapi. Isaka alitahiriwa siku ya nane, hajui hata kusema. Mtume Paulo, akiwaandikia Warumi juu ya ndugu zake wasiompokea Kristo, alifundisha kwamba Mungu haondoi karama zake wala mwito wake, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulilichukua fundisho hilo katika tamko Nostra Aetate, tarehe 28 Oktoba 1965. Kama ni kweli kwamba Mungu hakuwaacha, basi asiyeamini anaweza kusema “mimi ni Myahudi” na akawa anasema kweli kubwa kuliko anayoijua.

Niliandika pia kwamba Saadia na Maimonides hawakukosea kuogopa. Korongo lina jina lake hata bila maji, lakini mvua isiponyesha kwa vizazi, ipo siku watoto watalima ndani yake bila kujua. Watu waliobeba jina bila Torati, bila Sabato, bila hata ile meza ya Pasaka, wajukuu wao watalibeba kwa nini? Wayahudi wenyewe wanabishana juu ya swali hilo, na sijaona aliyelimaliza. Kuwa wa nyumbani bila imani kunawezekana. Sijui kama kunaweza kurithishwa kwa muda mrefu.

Padre alinipa alama nzuri, na chini akaandika swali moja: “Na wabatizwa wetu?”

Nilijua anauliza nini, ingawa sikuwa nimemwambia habari za nyumbani. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafundisha kwamba Ubatizo unatia alama ya kiroho isiyofutika, na dhambi yoyote haiifuti. Nimelikariri fundisho hilo tangu nikiwa mtoto, na aliyenikaririsha ni baba. Sisemi kwamba mambo haya mawili ni kitu kimoja. Ukristo si ukoo, na asiyeamini anapoteza neema ambayo sifurahii aipoteze. Lakini kaka yangu alibatizwa akiwa na wiki tatu, na baba ndiye aliyemshika. Alama ile ipo. Tulipomwambia “si wa kwetu”, tulisema jambo ambalo Kanisa letu wenyewe halilisemi.

Likizo ile, siku moja kabla ya kaka kurudi Dar es Salaam, tulikaa naye nyuma ya nyumba kwenye migomba. Nilitaka kumhubiria. Nilikuwa na hoja tano za Mtakatifu Thoma kichwani. Akanitangulia: “Frateri, usianze. Niambie tu kitu kimoja. Mwakani nije, au nisije?”

Nilimwambia aje.

“Na mzee je?”

“Uje tu, kaka.”

Tangu wakati huo nimemwandikia baba barua. Sikumfundisha katekisimu, ningemfundishaje aliyenifundisha? Nilimsimulia tu habari za meza ya Wayahudi na watoto wanne, na kwamba mwovu naye ana kiti. Baba hajanijibu. Lakini wiki iliyopita mama alinipigia simu, akaniambia kwamba baba alimuuliza, bila kumtazama, kama mkubwa amepata kazi nyingine baada ya ile kampuni kupunguza watu. Mama alimjibu kwamba bado. Baba akasema: “Mwambie nimesema pole.”

Mpendwa msomaji, katika sala zako wakumbuke Wayahudi, wanaoamini na wasioamini, ambao Kanisa huwaombea kila Ijumaa Kuu. Na kama kwenu yupo ndugu ambaye kiti chake hakina mtu, usingoje mpaka aamini ndipo umwite. Noeli ijayo nitakuwa nyumbani tena. Nimeshamwambia mama kwamba kipande cha mzaliwa wa kwanza mimi sikipokei.